Uwatu Uliobaki Kikapuni

Sungura wangu walikuwa wakubwa kuliko wa mtu yeyote kutoka Bunju mpaka Bagamoyo. Hilo naliandika kwanza, maana yanayofuata hayanipambi, na msomaji akiyasoma hayo peke yake atanidhania mtu mdogo. Sikuwa mtu mdogo. Mahoteli ya Dar es Salaam yalikuwa yakiniletea gari mpaka Mapinga, wakati ambao Mapinga ilikuwa mikorosho na vumbi, na gari likisimama watu hutoka majumbani kuuliza nani kafa.

Mimi darasa la tatu sikulimaliza. Nilizaliwa Kiwangwa, kwenye muhogo na mananasi, baba akafariki ningali mdogo, na mjomba akanipeleka kuosha masufuria katika nyumba ya Mzungu mmoja mwenye shamba la mkonge. Nyuma ya jiko la yule Mzungu kulikuwa na vizimba vya sungura. Mpishi aliwaogopa, akisema wana macho ya watu. Mimi sikuwaogopa. Nikawa nawalisha, nawafagilia, nawasikiliza wakitafuna, na nikajua tabia zao kabla sijajua kusoma vizuri. Bendera ilipobadilika Mzungu akafungasha, na badala ya asante akaniachia dume mmoja, majike wawili na bunda la wavu wa chuma. Ndio mtaji wangu. Sikurithi mnazi hata mmoja. Nilifyeka kiwanja Mapinga kwa panga langu, nikajenga banda kabla ya nyumba, na miezi minne nililala bandani pamoja na sungura mpaka nyumba ikapata paa.

Walikufa wengi. Anayefuga sungura atajua ninachosema: vitoto vinazaliwa vinane, vinakuwa vizuri mpaka siku ya kulikizwa ziwa, kisha vinaanza kuharisha, tumbo linajaa upepo, na asubuhi unavikuta vimelala upande. Nikajaribu kila kitu. Bwana shamba alipopita akaniambia ninunue chakula cha viwandani, nami nikamwambia sungura hawakuumbwa viwandani. Nikaanza kuwapa majani ya mlonge, nikiyaanika kivulini siku mbili na kuyachanganya na pumba za mahindi na machicha ya nazi. Safu ya kulia ya vizimba niliwapa mlonge, safu ya kushoto nikawanyima, na baada ya mwezi nikaazima mizani ya dukani nikawapima mmoja mmoja. Wa kulia waliwazidi wa kushoto, na kuhara kulipungua. Hakuna aliyenifundisha. Mlonge ni wangu, hapo sitaki ubishi na mtu.

Mbinu ya pili ndiyo haikuwa yangu.

Nilioa Bagamoyo, mji wa kale, katika nyumba yenye baraza la mawe na mlango wa nakshi. Baba mkwe alikuwa mfanyabiashara wa mbata, nazi kavu, kama baba yake na babu yake. Ukoo mzima ulishangaa binti yao kukubali kuolewa na mtu wa shamba anayefuga panya wakubwa. Hivyo ndivyo walivyosema, nami niliwasikia. Baadaye nilimuuliza mke wangu kwa nini alikubali. Akasema kwao watu wanakaa kimya mno, na mimi nilipokuja kuposa nilizungumza tangu alasiri mpaka magharibi, na yeye nyuma ya pazia akacheka mpaka akajifunika mdomo kwa kanga. Aliolewa kwa sababu ya mdomo wangu. Nataka hilo likumbukwe.

Mwaka wa pili akashika mimba. Ilipofika mwezi wa saba mama yake akaja kwa basi na kikapu cha ukindu kilichofungwa kwa kitambaa. Ndani mlikuwa na vitu vya arobaini, vya kumlea mzazi siku zile ambazo hatoki ndani: pilipili manga, mdalasini, habasoda kidogo, na uwatu mwingi, kama kibaba na nusu. Asiyejua uwatu nimweleze: ni mbegu ndogo za manjano, chungu, ukiziloweka zinatoa ute, na mzazi akizinywa kwenye uji maziwa yanajaa. Una harufu ambayo haifichiki. Mwanamke akiunywa, jasho lake linanuka uwatu, na kanga zake, na chumba kizima. Ukipita dirishani unajua humo ndani kuna mtoto mchanga.

Mtoto wetu alizaliwa wa kiume, akaishi siku tatu. Tulimzika nyuma ya mikorosho. Mama mkwe alikaa wiki moja na binti yake, na siku ya kuondoka nikamletea kikapu mkononi. Akakirudisha ukutani, kwenye msumari wake. Akasema kilicholetwa kwa mzazi hakirudi.

Kikapu kilikaa pale msumarini msimu mzima wa korosho. Hakuna aliyekigusa. Mimi nilikuwa nikiingia chumbani naangalia upande mwingine. Mke wangu sijui alikuwa anaangalia wapi, maana siku hizo mimi nilizidisha kazi na kuzungumza na wateja, naye nikamwachia nyumba.

Siku moja nikarudi kutoka Dar, mchana, nashuka kwenye basi na mifuko ya pumba, na kabla sijafika uani nikaisikia ile harufu. Nilidhani mambo ambayo mtu mzima hapaswi kudhani. Nikamkuta bandani, amechutama, ana bakuli, na jike mmoja anakula mkononi mwake. Jike yule alikuwa amezaa vitoto tisa na maziwa yakamkauka, nami asubuhi nilikuwa nimeshasema atakufa na wanawe.

"Hakuwa na maziwa," akaniambia bila kugeuka. "Nimempa uwatu wangu."

Nikaenda kushusha mifuko.

Vile vitoto tisa viliishi vyote. Siyo kuishi tu, vilinenepa mpaka ngozi zikawa zinateleza mkononi. Mke wangu akaendelea. Kila siku analoweka konzi moja ya uwatu tangu jioni, asubuhi anauchanganya na pumba zangu na mlonge wangu na chembe za habasoda, anawapa majike wanaonyonyesha, na baadaye hata vitoto vilivyolikizwa ziwa. Hamu ya kula ikawazidi. Kuhara kukaisha kabisa. Nikapima tena kwa mizani ya dukani, na mwenye duka akadhani mizani yake imeharibika. Ndipo hoteli ya kwanza ikaleta gari. Kikapu kilipokwisha nikawa nakwenda mwenyewe mjini Bagamoyo kununua uwatu kwa kibaba, na nikiulizwa ni wa nini, nasema mke wangu anautumia. Huo haukuwa uongo.

Watu wakaanza kuuliza sungura wangu wanakula nini. Nami, kwenye benchi la duka la Mapinga, nikajibu, "Nawapa dawa yangu."

Neno lenyewe hilo. Ningesema chakula, ningesema majani, ningesema uwatu, mambo yangekwishia pale pale kwenye benchi. Lakini neno dawa kwetu lina milango miwili, mmoja wa hospitali na mmoja wa kwa mganga, na aliyeambiwa huchagua mwenyewe aingie upi. Walipozidi kuuliza dawa gani, nikasema dawa haitajwi, ikitajwa haifanyi kazi. Huo ni usemi wa waganga na kila mtu anaujua. Niliona macho yao yalivyobadilika, na sitasema uongo, nilifurahi. Mtu aliyekuwa akiitwa mfuga panya sasa akipita wanaume wananyamaza.

Kisha mwanamke mmoja jirani akaja kuomba moto, akapita karibu na banda, akasimama. Akamuuliza mke wangu, "Humu kuna mzazi?" Mke wangu akamjibu hakuna. Yule akavuta pumzi tena, akaondoka bila moto.

Hazikupita siku nyingi, hadithi ikakamilika yenyewe. Nyumba ile mtoto kafa, lakini inanuka uwatu. Mume anasema ana dawa isiyotajwa. Wanyama wake wananenepa kama watoto wa watu. Basi mtoto hakufa bure, katolewa kafara, na bandani kuna jini analelewa, na mke ndiye anayemnyonyesha. Niliisikia hadithi hiyo mara ya kwanza kutoka kwa utingo wa basi, ambaye hakujua anamsimulia nani.

Mtu mwingine angekasirika. Mimi nilicheka, na sababu nitaisema ingawa inaniaibisha: wezi walikoma. Kabla ya hapo nilikuwa naibiwa sungura wawili watatu kila mwezi, kufuli linavunjwa, wavu unakatwa. Hadithi ile ilipoenea, sikuibiwa hata unyoya. Ningeweza kuacha banda wazi nikaenda Dar nikalala huko. Nikajiambia, uvumi huu ni mlinzi asiyekula wala kulala. Ukae.

Lakini mimi nilikuwa nakwenda Dar, nakwenda Bunju, nakaa na madereva wa hoteli wasiojua lolote. Mke wangu alikuwa anakaa Mapinga. Kisimani wanawake walimpisha. Hawakumtukana, walimpisha tu, wakaondoa ndoo zao, akachota peke yake. Alipokwenda kwenye shughuli ya arusi akakalishwa ukingoni mwa jamvi, na mwenye mtoto mchanga akamfunika mtoto uso. Hayo alinisimulia siku moja tu, kwa sauti ya kawaida, huku anachambua mchele.

"Waambie ni uwatu," akasema. "Neno moja. Nenda dukani, kaa kwenye benchi lako, waambie ni uwatu wa mke wangu."

Nikamwambia nitawaambia. Nikamwambia pia watu watatucheka, watasema sungura wetu wanawekwa arobaini. Akasema wacha wacheke. Nikasema basi, wiki ijayo.

Wiki ijayo nilikuwa Dar. Iliyofuata kuna jike aliyekuwa anazaa. Nilikuwa na sababu, na kila sababu ilikuwa ya kweli. Chini yake kulikuwa na nyingine ambayo sikuisema: nikitamka uwatu, mlinzi wangu anakufa, na mimi mwenyewe narudi kuwa mtu aliyefundishwa kazi na mwanamke, kwa kitu cha kulea wazazi. Niliona kama nitavuliwa nguo mbele ya benchi.

Mke wangu hakuuliza tena. Alikuwa mtu wa kusema mara moja, ni wa nyumba ile ya kimya. Siku moja nikarudi nikakuta sungura wamelishwa, maji yamebadilishwa, uwatu umelowekwa kwa ajili ya kesho yake, na yeye hayupo. Kikapu cha ukindu hakikuwa msumarini.

Nilingoja wiki tatu, nikidhani atarudi. Nyumba ilikuwa na kelele za kutafuna na hakuna kelele nyingine. Nilijikuta nazungumza na madume. Naeleza habari za Dar, nani kaniambia nini, mimi nikamjibu vipi, na nikifika mahali pa kuchekesha nanyamaza kidogo, kama ninavyozoea, kumpa mtu nafasi ya kucheka.

Nikaamua kwenda kumfuata. Nilichagua sungura wawili walio bora, nikawatia kwenye tenga, nikavaa kanzu, nikapanda basi la Bagamoyo. Njiani nilikariri maneno yangu: ni uwatu, ni wake, mimi ndiye mkosaji. Nilikariri mpaka aliyekaa pembeni yangu akahama.

Nilimkuta baba mkwe barazani na wazee wenzake watatu wanakunywa kahawa. Nikawaamkia shikamoo mmoja mmoja, wakaitikia marahaba. Kutoka uani nilisikia mlio wa kinu, mtu anatwanga, na niliujua mkono ule; alikuwa na kawaida ya kupiga mapigo matatu na kupumzika. Nikaweka tenga chini. Mzee mmoja akalifunua, akamtoa dume kwa kumshika ngozi ya shingo, na mkono wake ukashuka kwa uzito.

Akasema hajapata kuona sungura kama huyu tangu azaliwe. Wa pili akampokea, akampima kwa mikono, akasema huyu si sungura, huyu ni mbuzi aliyekosa pembe. Wakacheka. Baba mkwe, ambaye tangu nimuoe binti yake hakuwahi kunisifu kwa lolote, akaniangalia akatikisa kichwa taratibu, akanisogezea kikombe. Nikakaa barazani, katikati yao, juu ya mawe yale. Nilikuwa na miaka thelathini na kitu na hakuna baraza la mji wa kale lililokuwa limenikalisha katikati.

Mama mkwe akatokea mlangoni, amejitanda kanga mpaka kichwani. Nikamwamkia. Akaitikia. Akawatazama sungura, kisha akanitazama mimi, na akasema kwa sauti ya juu kidogo kuliko ilivyohitajika:

"Mwanangu, hawa umewapa nini hata wakawa hivi?"

Leo najua alikuwa anajua. Binti yake alikuwa amemweleza kila kitu. Alinifungulia mlango kwa mkono wake mwenyewe, mbele ya mashahidi, na kazi yangu ilikuwa kuingia tu. Wazee wanne wakageuka kunisikiliza. Ulimi ulikuwa na neno juu yake, nimelibeba tangu Mapinga.

"Dawa yangu, mama," nikasema. "Haitajwi."

Wazee wakacheka tena, wakafurahi, mmoja akanipiga begani. Kule uani kinu kikanyamaza. Nilingoja pigo la tatu, halikuja.

Mama mkwe akasema, "Haya. Basi nenda na sungura wako." Akaingia ndani.

Baba mkwe alidhani ni utani wa mkwe na mama mkwe, akaendelea kunimiminia kahawa. Niliinywa. Ilikuwa imepoa.

Baada ya hapo mke wangu aliomba talaka, akaja mjomba wake kwa adabu kubwa, nami nikaitoa. Sikutaka kumfunga mtu. Nilidhani angalau sasa sina cha kupoteza, nitasema ukweli. Nikaenda dukani Mapinga, nikakaa kwenye benchi, nikasema mbele ya watu wote: ile dawa ni uwatu, aliigundua mke wangu, uwatu ule ule mnaowapa wake zenu.

Wakatazamana. Mwenye duka akasema, "Bwana mkubwa, kama hutaki kutuambia, si lazima utudanganye."

Nikaapa. Wakasema dawa kubwa kama ile mtu hawezi kuitoa bure, anatupa ya juu anaficha ya chini. Nikaleta bakuli lenyewe, limelowekwa. Wakanusa, wakacheka, wakasema uwatu huu ni wa kufunikia harufu ya kitu kingine. Nimesema Bunju, nimesema Kiwangwa kwa ndugu zangu, nimemwambia hata bwana shamba, akaandika kwenye daftari lake kisha akaniuliza kwa sauti ya chini ni nini hasa. Tulipohamishiwa kijiji cha ujamaa, kamati ikaniweka msimamizi wa mradi wa sungura, nikawafundisha wenzangu kuloweka konzi moja kwa kila debe la pumba. Wanaloweka. Sungura wao wananenepa. Na bado wanaamini yangu ni nyingine. Mdomo ambao watu waliuamini kwa kila sifa, kwa ukweli mmoja haukupata mnunuzi.

Sijaoa tena. Wanawake wananiogopa kidogo, na mimi nimezoea. Nina majike arobaini na wawili sasa, hakuna aliyenifikia.

Juzi juzi nilikwenda Bagamoyo kununua uwatu, katika duka la viungo nyuma ya soko. Mwenye duka ni mzee, haoni vizuri. Alikuwa anampimia mwanamke, na alipomaliza kumfungia akauliza nami nataka nini. Nikasema uwatu. Akacheka akasema leo mji mzima una wazazi. Yule mwanamke akageuka.

Alikuwa amenenepa kidogo. Mgongoni alikuwa na mtoto aliyelala, mdomo wazi, kama miezi minne. Nilijua aliolewa Pangani. Sikujua alikuwa amekuja kwao. Tukaulizana hali. Akasema uwatu si wake, ni wa wifi yake aliyejifungua. Nikasema mtoto mzuri. Akasema ashukuriwe Mungu.

Tukasimama.

"Nilisikia umewaambia," akasema.

"Hawakuniamini."

"Nilisikia na hilo pia." Akamweka mtoto vizuri kwenye mbeleko. "Unauloweka kwanza? Usiwape mkavu, unawakereketa."

"Nauloweka tangu jioni. Konzi moja. Kama ulivyouacha."

"Haya," akasema, na akatoka juani na kifurushi chake.

Mwenye duka akaniuliza anipimie kiasi gani. Nikamwambia kibaba na nusu.